Kitambi na kansa ya utumbo mpana: jinsi ya kujipima, cha kupunguza, na ufanyeje kama ugonjwa umeshaingia

Ukisema unene watu wanawaza presha, sukari na magoti, basi. Kansa ya utumbo mpana haimo kabisa kwenye hesabu zao na ukimwambia mtu anakushangaa, kwake kansa ni ya wavuta sigara. Sasa mwaka 2016 wale wa IARC, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, walikaa wakapitia ushahidi wote uliokuwepo wakasema mafuta yaliyozidi mwilini yanahusika na kansa 13, na hii ya utumbo mpana na puru, ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, ni mojawapo. Wala sio kansa ya kona. Mwaka 2022 dunia nzima waligundulika watu kama milioni 1.9 na waliokufa ni zaidi ya laki 9.

Hapa siandiki kukutisha wala kukwambia ufunge kula. Naandika namna ya kujua kama unahusika, nini ushike kwanza, na mwishoni nitagusa wale ambao tayari wana ugonjwa, mana hao ndo wanadanganywa kuliko wote kuhusu uzito.

ANZA NA KAMBA, MIZANI BAADAYE

Kinachohusika zaidi sio kilo zako zote kwa ujumla, ni mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo. Ya mapajani na makalioni hayana matata kiasi hicho (akina dada pumueni kidogo). Haya ya ndani hayakai kimya, muda wote yanamwaga vitu kwenye damu, mwili unaanza kuwa mgumu kuisikia insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho inaongeza kuitoa, na insulini ikiwa juu kila siku inakuwa kama mbolea kwa seli za ukuta wa utumbo. Zile seli kwa kawaida zinabadilishwa kila baada ya siku chache, zinakufa zinazaliwa nyingine, sasa zikisukumwa zigawanyike zaidi na zichelewe kufa, makosa yanajikusanya. Hapo hapo kinga ya mwili inafanya kazi ya chini chini bila kupumzika, ni kama kuna kidonda kisichopona. Ndo mana pia mwenye kisukari cha aina ya pili hatari yake ya kansa hii iko juu kuliko asiye nacho, mzizi kwa sehemu kubwa ni ule ule.

Kujipima sasa. Tafuta kamba yoyote, hata ya katani au uzi wa sufi mnene, simama bila viatu mtu akupimie kutoka kisigino mpaka utosini, ikate hapo. Ikunje katikati mara moja. Zungusha hiyo nusu tumboni. Ncha zikikutana vizuri, uko salama kiasi. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako na una kazi ya kufanya. Haihitaji hesabu wala bando.

Ukitaka namba kamili chukua futi ya fundi nguo, ile laini. Vua shati au pandisha dera, usipime juu ya kanga. Shika mbavu ya mwisho chini kabisa, alafu shika juu ya mfupa wa nyonga, katikati ya hapo ndo pa kupimia, sio pale unapofungia mkanda. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani (wanaume wote wanavuta, hata wakiwa peke yao chumbani), futi iguse ngozi bila kuminya. Mwanaume ukizidi sentimita 94 hatari imeanza kupanda, ukizidi 102 imepanda sana. Mwanamke ni 80 na 88.

Na mzee, namba ya suruali usiitumie. Kuna jamaa wanavaa saizi 34 tangu wamalize chuo na wanajisifia, ukiangalia mkanda umeshuka uko chini ya tumbo, tumbo lenyewe limeninginia nje kama sentimita 110. Suruali haijui kitu.

BMI nayo piga ukipenda, ni kilo gawa kwa urefu wa mita mara wenyewe. Kilo 92, urefu 1.70, inakuja karibu 31.8, na kuanzia 30 ndo wanaita unene uliokithiri. Shida ya BMI haijui kutofautisha msuli na mafuta, mbeba zege wa Kariakoo mwenye kifua anaweza kusomeka mnene, na mhasibu mwenye miguu myembamba na kitambi anasomeka yuko poa. Kwahiyo mimi kamba naiamini zaidi.

HATARI YENYEWE NI KUBWA KIASI GANI

Twende taratibu hapa mana ndo panapozua kelele kwenye magrupu ya WhatsApp. Uchambuzi mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2008 ulikuta kila BMI ikipanda kwa 5, kwa wanaume hatari ya kansa ya utumbo mpana inapanda kama asilimia 24, kwa wanawake kama asilimia 9. Kwenye puru uhusiano ni mdogo zaidi. Sasa asilimia 24 sio kwamba watu 24 kati ya 100 wanapata kansa! Chukulia kundi la watu 1000 ambamo 20 wangeipata, baada ya hiyo nyongeza wanakuwa kama 25. Wengi wenye vitambi hawataipata kamwe, na wapo wembamba kama ufito wanaipata, kwahiyo mwembamba naye asikae anacheka.

Ambacho kinanitia wasiwasi zaidi ni vijana. Utafiti wa manesi wa Marekani uliotoka 2019 ulikuta wanawake wenye BMI ya 30 kwenda juu walikuwa na hatari karibu mara mbili ya kupata kansa hii kabla ya miaka 50 wakilinganishwa na wenye uzito wa kawaida. Na huku kwetu miili inabadilika haraka, Kenya kwenye takwimu za afya za 2022 wanawake wa miaka 20 mpaka 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 45. Karibu nusu!

Habari njema ni kwamba kansa hii haina haraka. Nyingi zinaanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, wataalamu wanaita polipu, na kutoka kinyama mpaka kansa kwa kawaida inachukua kama miaka 10. Sio vinyama vyote vinageuka. Huo muda ndo wako wa kufanya kazi.

SAHANI

Kuna daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, Mwairishi, alifanya kazi Uganda miaka mingi pale Mulago, akawa anashangaa mbona magonjwa ya utumbo yanayowajaa wazungu kwao huku hayaoni. Mwaka 1971 akaandika kwamba siri ni makapi, chakula cha huku kina nyuzinyuzi nyingi na choo kinapita haraka. Hakuwa sahihi kwa kila kitu lakini msingi umesimama. Mwaka 2015 wakatoa jaribio zuri sana, walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini wakawabadilishia chakula wiki mbili tu. Wamarekani wakala maharage na vyakula vya mahindi, wale wa kijijini wakapewa baga, soseji na chipsi. Wiki mbili! Na tayari dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo zilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika. Yaani chakula cha bibi yako ndo wenzetu wanakifanyia utafiti sisi tunakikimbia.

Kwa vitendo iko hivi. Badilisha sembe uende dona, sio lazima siku zote, hata nusu ya wiki. Mtoto akigoma changanya nusu kwa nusu. Maharage, choroko, kunde au mbaazi vikae mezani kila siku, sio tarehe 25 mshahara ukikata. Matembele, mchicha, kisamvu, weka nusu sahani ya mboga kabla hujapakua wali, kwa mpangilio huo, mana ukipakua wali kwanza mboga inabaki kupamba. Lengo wanasema gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku, usianze kupima gramu utachoka, ukifanya hayo niliyosema unakaribia. Ila ongeza polepole na unywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi uje unilaumu.

Nyama. Kuna tofauti kubwa kati ya nyama ya kawaida na ile ya kusindikwa. Soseji, bekoni, hamu, nyama za makopo, hizo IARC mwaka 2015 waliziweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha kansa, na gramu 50 kila siku, ambayo ni kama soseji moja tu, inapandisha hatari kwa asilimia 18. Kwahiyo ile soseji ya asubuhi ya mtoto kwenye lunchbox ningeitoa ya kwanza kabisa. Nyama nyekundu ya kawaida, ng'ombe mbuzi kondoo, ushauri ni isizidi gramu 350 mpaka 500 kwa wiki ikiwa imeshaiva. Nusu kilo iliyoiva, mtu wa nyama choma anaimaliza Jumamosi moja na ndizi zake mbili. Sisemi uache, sema hiyo Jumamosi ndo iwe nyama yako ya wiki, siku nyingine samaki, dagaa, kuku, maharage.

Pombe inahusika yenyewe kama yenyewe, achilia mbali kitambi inachoongeza. Soda na juisi za paketi ni sukari inayoingia bila kushibisha. Ukiniuliza mtu akipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu mwezi huu, namwambia soda, mana haina kazi hata moja mwilini na kuiacha hakuhitaji upike tofauti.

KUTEMBEA, NA MANENO YA MTAANI

WHO wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho kidogo. Shuka daladala vituo viwili kabla, basi, ukifanya kwenda na kurudi siku tano umemaliza. Mazoezi yanapunguza hatari ya kansa ya utumbo mpana hata kama mizani haijasogea, hii watu hawaielewi, wanaacha kutembea baada ya mwezi kwa sababu kilo hazijashuka. Mafuta ya ndani ya tumbo yanaondoka mapema kuliko unavyoona kwenye kioo.

Usilenge kurudi ulivyokuwa kidato cha nne. Mwenye kilo 92 akitoa tano mpaka tisa na akazishikilia kafanya jambo kubwa. Na kama huwezi kupungua, basi usiongezeke, hiyo nayo inahesabiwa.

Kuna kizuizi ambacho vitabu havikisemi. Huku ukinenepa unaambiwa umependeza, ndoa imekukubali, hela zipo. Ukipungua kilo sita tu wanaanza kunong'ona eti anaumwa, eti ngoma. Nimewaona watu wakirudi kula kwa sababu ya maneno ya majirani. Dawa yake ni kuwatangulia, waambie mapema kwamba daktari kaniambia nipunguze tumbo, au watembee na wewe jioni, umbea unaisha.

Chai za kukatisha tumbo, vidonge vya detoksi, achana navyo. Vingi vinaharisha tu, unapoteza maji unafikiri umepoteza mafuta.

USIDANGANYWE NA BAWASIRI

Hapa ndo watu wanakufa. Mtu anaona damu kwenye choo, anasema bawasiri, anakwenda kununua dawa ya kupaka au mizizi, inakaa mwaka. Inaweza kuwa bawasiri kweli. Lakini mwenye bawasiri pia anaweza kuwa na kansa, moja haizuii nyingine. Damu inayojirudia, choo kilichobadilika mtindo kwa wiki kadhaa (ulikuwa unapata vizuri sasa unafunga au unaharisha au kinatoka chembamba), hali ya kuhisi hujamaliza, tumbo kunyonga, upungufu wa damu usio na maelezo hasa kwa mwanaume au mama aliyekwisha koma hedhi, hayo nenda hospitali ukaangaliwe ndani, kidole cha daktari kwanza na ikibidi kamera. Na kitambi kikianza kupungua chenyewe wakati hujabadilisha kitu usisherehekee, hiyo nayo ni dalili.

Kama huna dalili yoyote, Wamarekani sasa wanashauri kuanza kupimwa miaka 45, zamani ilikuwa 50. Njia rahisi ni kipimo cha choo kinachoitwa FIT, kinatafuta damu ya binadamu isiyoonekana kwa macho, unachukua kidogo sana kwa kile kijiti chake, hakuna haja ya kuacha nyama kabla, kinarudiwa kila mwaka. Uliza maabara kama wanacho au wana kile cha zamani, mana cha zamani nyama nyekundu inaweza kukichanganya. FIT ikisoma chanya haimaanishi kansa, inamaanisha lazima ufanye kolonoskopi, ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo, na usiirudie FIT ukitumaini itakuja hasi.

Kolonoskopi yenyewe wengi wanaiogopa ila kazi kubwa ni usiku wa kuamkia. Siku iliyotangulia ni vitu vya majimaji tu unavyoweza kuona upande wa pili, maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, na sio juisi nyekundu wala ya zambarau mana ndani inafanana na damu. Alafu ile dawa ya kusafisha, mara nyingi unapewa kwa awamu mbili, jioni na alfajiri. Ni nyingi na haina ladha nzuri. Iweke ipoe, kunywa kwa mrija, kaa karibu na choo na ujipake mafuta ya mgando njia ya haja kubwa kabla ngozi haijachubuka. Umemaliza pale kinachotoka ni maji ya njano yanayopitisha mwanga, kama bado kuna makapi hujamaliza, na tumbo lisiposafishika daktari anaweza kupitwa na kinyama. Vinyama anavyoviona anavikata hapo hapo, ndo uzuri wake. Kama hukukutwa na kitu, kawaida hurudi mpaka baada ya miaka 10.

Wenye miili mikubwa wengi wanakwepa kipimo hiki kwa aibu. Wale wahudumu wameona kila aina ya mwili, wewe nenda. Kitu kimoja tu, kama unatumia zile sindano za kupunguza uzito au sukari, kina Ozempic, sema mapema kabla ya dawa ya usingizi, mana zinachelewesha chakula kutoka tumboni.

KAMA UMESHAGUNDULIKA

Kitu cha kwanza: usianze kujikondesha. Nimesikia mgonjwa kaambiwa na ndugu kwamba mafuta ndo yanalisha kansa kwahiyo ale juisi ya tende na majani tu. Huyo atapoteza msuli, na mwenye msuli mdogo anavumilia upasuaji na kemo (dawa za kuua kansa) vibaya, hata kama tumbo bado liko nje. Ukweli wenyewe una mkanganyiko: unene mkubwa, hasa BMI ya 35 kwenda juu, unaharibu matokeo, lakini kwenye tafiti nyingi wale walionenepa kidogo tu hawakufanya vibaya kuliko wembamba na wakati mwingine walifanya vizuri zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba mwembamba wa siku ya kugundulika mara nyingi kakondeshwa na ugonjwa. Kwahiyo kipindi cha matibabu kazi ni kulinda msuli: mayai, samaki, dagaa, maharage, maziwa, kila mlo uwe na kimojawapo.

Upasuaji. Tumbo likiwa kubwa kazi ya daktari ni ngumu zaidi, vidonda vinaingia wadudu kirahisi, ngiri ya kwenye mshono inakuja baadaye, damu kuganda miguuni pia. Waambie kama unakoroma sana na kushtuka usingizini, waambie sukari yako ikoje, acha sigara sasa hivi, na anza kutembea kila siku kabla ya tarehe.

Ukiambiwa kuna uwezekano wa kuwekewa mfuko wa choo tumboni, omba wakuchoree alama ya mahali mfuko utakapokaa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Na wasikuchore umelala tu! Kaa, simama, inama kama unafunga kamba za viatu, uangalie mikunjo inaangukia wapi. Mwenye kitambi mara nyingi mfuko unafaa ukae juu kidogo ya kitovu, ukiwekwa chini hutauona, na ukiangukia kwenye mkunjo hautashika, utavuja kila siku na ngozi itababuka.

Kemo. Dozi inapigwa kwa uzito na urefu wako halisi. Zamani madaktari wengi waliwapunguzia wanene kwa kuogopa sumu, chama cha madaktari wa kansa cha Marekani tangu 2012 kinashauri wapewe dozi kamili kwa uzito halisi. Ni swali halali kabisa kumuuliza daktari wako, kwa adabu: "Daktari, dozi yangu imepigwa kwa uzito wangu wa leo?" Na upimwe uzito upya, usitumike ule wa kwenye faili la miezi mitatu nyuma.

Baada ya kemo ndo wakati wa kurudi kwenye mazoezi kwa nguvu. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya utafiti unaoitwa CHALLENGE, watu 889 wa kansa ya utumbo mpana waliomaliza kemo, nusu wakapewa kitabu cha ushauri, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8 waliokuwa hai kwenye kundi la mazoezi ni asilimia 90.3, kundi la kitabu 83.2. Na hawakuwa wanakimbia marathoni, wengi walikuwa wanatembea haraka kama dakika 45 mpaka saa moja, mara tatu nne kwa wiki. Ila zingatia, walikuwa na mtu wa kuwafuatilia. Kitabu peke yake hakikutosha, kwahiyo tafuta mtu wako, shemeji, mtoto, jirani, akupigie simu jioni akuulize umetoka au bado.

Na waambie ndugu zako wa damu. Mzazi, kaka, dada au mtoto wa mgonjwa hasubiri 45, anaanza kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, chochote kinachotangulia. Kaka yako kagundulika na miaka 46, wewe unaanza na 36, uwe na kitambi usiwe nacho.